Kuku wa Wageni

Jumamosi asubuhi Pilipili alikuwa akifagia uwanja kama kawaida. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya hasira zake za karibu, na siku hiyo zilikuwa na haki ya kuwaka.

Mama yake alikuwa ameugua muda mrefu. Aliyempikia na kumfulia hadi akapona ni jirani yao, Mama Mshonaji. Sasa jirani huyo na mumewe walialikwa chakula cha mchana. Wao ni Waislamu, kina Pilipili ni Wakristo, na kijijini hapo jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Ukialika watu wa pande zote mbili, kuku hupelekwa kwa mzee wa msikitini akachinjwe, kila mtu ale kwa raha.

Kaka yake Pilipili ndiye aliyetumwa. Alirudi upesi mno, kuku keshachinjwa. Pilipili alizunguka nyuma ya banda, akakuta damu mbichi na kisu cha jikoni.

"Umemchinja mwenyewe!"

"Punguza sauti! Mechi inaanza. Kuku ni kuku, nani atajua?"

Pilipili aliwaka. Mtu amemlisha mama yako kwa mkono wake, halafu wewe unamfanyia hivi kwa ajili ya mpira? Aibu gani hii!

"Kamwambie mama!"

"Nitamwambia, naapa," kaka alisema, akatimua mbio kwenda kwenye mechi.

Hakusema. Mchana wageni walifika, wakanawa mikono, yeye akitazama sahani yake tu. Mama Mshonaji akanyoosha mkono kwenye bakuli la nyama.

"Mama Mshonaji, usile!" Pilipili alipaza sauti. "Kaka, sema sasa hivi!"

Kaka akasema, maneno yakimtoka kwa shida. Mama yao alishika kichwa.

"Mwanangu, leo umeniweka wapi mimi?"

"Mchongezi huyu!" kaka alinung'unika.

"Huyo si mchongezi," alisema Mama Mshonaji, uso umemkunjamana. "Wewe ndiye uliyenikosea. Miaka yote nakula katika nyumba hii bila kuuliza. Siku nikianza kuuliza, ujirani wetu umekwisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

Maharage yalipashwa moto, wakala hayo. Wakati wa kuaga, Mama Mshonaji alimgeukia mama yao.

"Jumamosi ijayo tunakuja tena. Kuku apelekwe na huyu huyu kijana wako."

"Huyu? Baada ya haya?"

"Huyu huyu. Na mimi nitakula bila kuuliza."

Kaka aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka.