Maua Aliyoyaacha Linah

Kabla ya mapambazuko, mshikio wa ndoo ulilia kwa sauti nyembamba. Tryphosa alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe. Alichota maji ya mbolea kwenye pipa kando ya zizi, akazunguka nyumba, akayamwaga polepole kwenye maua ya kaburi la binti yake, Linah.

Alifanya hivyo kila siku. Maji hayo ndiyo yaliyostawisha sukuma wiki yake hapa Kapseret. Angeyanyimaje maua ya mtoto wake?

Linah aliyapanda mwenyewe kwenye makopo, mwaka aliougua. Yalikuwa mekundu katikati na njano pembeni, kama blanketi jipya. "Mtanipandia haya," alisema. Miche ilikuwa kumi na miwili. Sasa imebaki mitatu, yenye majani mengi bila ua hata moja. Tryphosa aliogopa kwamba ikifa hiyo, hatabaki na kitu ambacho mkono wa Linah ulikigusa.

Mumewe, Mzee Joseph, hakuwa amepita upande wa kaburi tangu mazishi. Alizungukia nyuma ya zizi, hata kwenye matope.

Jumamosi moja Musimbi alikuja kuchukua maziwa. Huyu ni jirani yao, anafanya kazi kwenye kitalu cha miche kule Munyaka. Alimkuta Tryphosa ameshika mche uliong'oka wenyewe, shina lake limeoza.

"Mama Linah, unayapa nini haya maua?"

"Kila kitu kizuri nilicho nacho."

Musimbi alinusa udongo. Hakucheka. Aliweka kibuyu chake chini, akapiga magoti kando yake.

"Hii ni gailadia. Ukiipa mbolea nyingi inatoa majani tu. Ukiimwagilia kila siku, mizizi inaoza."

"Kwa hivyo ni mimi nimeiua?"

"Umeilea kama sukuma, mama. Hakuna aliyekuwa amekuambia. Hii miwili bado ni mizima. Tutaihamishia kwenye tuta lililoinuka, hapa hapa kaburini, tuchanganye udongo na mchanga, maji yasituame. Ikishika, usimwagilie mpaka uingize kidole na usikie udongo umekauka."

Kisha akainua macho. "Lakini inataka jua kutwa nzima. Hilo tawi la avokado linaiziba. Nani atalikata?"

Tryphosa alitazama upande wa zizi. Mwenye panga alikuwa mmoja tu.

Nyuma ya zizi mtu alikohoa. Mzee Joseph alitokea na panga mkononi. Alisimama kidogo mbele ya kaburi, akavua kofia.

"Ni hili?" aliuliza.

"Ndilo, Mzee," Musimbi alijibu.

Alilikata. Jua likaanguka juu ya udongo.

Miezi mitatu baadaye miche ile miwili ilichanua kwenye tuta lake jipya. Kila ua lilipozeeka, Tryphosa alilikata, mengine yakatoka. Machache aliyaacha yakauke, akakusanya mbegu. Musimbi alimwonyesha jinsi ya kuzipanda juujuu, kwa kuzifunika udongo kidogo tu. Ikaota miche kumi na minne.

Siku miche ilipoota, Mzee Joseph aliketi kando ya kaburi, akaihesabu mara mbili. Musimbi alipoaga, mzee alimsindikiza hadi langoni.

"Musimbi," alisema, "mimi sikuwa naweza kufika pale kaburini. Uje tena Jumamosi. Hata kama hakuna maziwa, uje."