Usimuulize Afande Mbele ya Watu

Mteja wa kwanza asubuhi hiyo alitaka "ile nyeupe".

"Nyeupe gani?" Nabangala aliuliza.

"Ile ndogo, musawo. Ya duara."

Nabangala aligeuka akatazama rafu. Kulikuwa na dawa ya kichwa, nyeupe. Kulikuwa na dawa ya presha, nyeupe. Ya minyoo pia ilikuwa nyeupe. Zote ndogo, zote za duara.

"Inatibu nini?"

"Sasa musawo, unaniuliza mimi? Si wewe ndiye unajua?"

Kampala ndivyo ilivyo. Ukisimama tu mbele ya rafu ya dawa, watu wanakuita musawo, yaani daktari. Nabangala hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi msaidizi kutoka Bungoma, Kenya. Aliuza dawa katika duka la Mama Sitti, mtaa wa Kyebando. Mume wake, Khaemba, alikuwa fundi wa magari Kisenyi. Waliishi chumba cha nyuma ya duka. Chumba hicho kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, chumba nacho kinaisha.

Mteja wa pili alikuwa mama mmoja mwenye haraka.

"Nipe dawa ya mtoto. Anaumwa."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Ana miaka mingapi?"

Yule mama aliweka mkono kiunoni. "Amefika hapa."

Nabangala alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Duka lilikuwa na nondo mbele, kama maduka mengi ya mji huo tangu vita viishe. Wezi walikuwa wengi. Kati ya nondo kulikuwa na tundu moja, kubwa kama sahani. Dawa ilipita hapo, na maneno yalipita hapo. Nje kulikuwa na stendi ya bodaboda. Pikipiki zilinguruma kutwa. Kwa hiyo Nabangala alipiga kelele ili asikike, na mteja naye akapiga kelele. Karibu na tundu, hatua mbili tu, alikaa Barnabé, Mkongomani wa chapati. Yeye hakupiga kelele. Yeye alisikiliza.

Mteja wa tatu alikuwa Afande Odoch. Alikuwa polisi, mtu mzima, mrefu. Kazi yake ilikuwa kulinda geti la benki mjini. Njia nzima ya Kyebando ilimheshimu.

"Musawo. Leta ile ya rangi mbili. Nyekundu na nyeusi. Mbili tu."

"Afande, hiyo inataka cheti ya daktari. Na haiuzwi mbili mbili. Unaumwa nini?"

"Nimesema mbili."

"Nimesikia. Mimi nauliza, unaumwa nini?"

"Leta dawa, mama. Mimi nachelewa kazi."

Pikipiki moja ilinguruma. Nabangala akapandisha sauti.

"AFANDE, UNAUMWA WAPI?"

Pikipiki ikazimwa wakati huohuo. Swali lilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Barnabé aliacha chapati yake ikiungua.

"Wewe!" Odoch alisema. "Nani amekutuma kunipeleleza? Hii ni duka ama ni korti?"

"Ni duka la dawa, afande! Si duka la karanga! Karanga ndiyo unanunua bila kuulizwa!"

Vijana wa bodaboda walicheka. Odoch akapiga nondo kwa kiganja, paa!

"Mimi na marehemu bwana ya Mama Sitti tumelala kambi moja miaka kumi. Utaona!"

Akaondoka akitembea taratibu, miguu imeachana kidogo.

Mchana Mama Sitti alifika. Hakuwa na salamu.

"Nabangala, huyu ni mtu wa ngapi mwezi huu?"

"Mama, watu wenyewe ni wagumu. Mmoja anataka nyeupe. Mwingine anapima miaka kwa kiuno. Huyu afande anataka..."

"Sitaki kujua anataka nini. Mwalimu umemfukuza. Mama wa kanisa umemfukuza. Sasa afande, rafiki ya bwana yangu! Mteja akikutukana, wewe cheka. Mpe kiti. Mpe maji. Sikia, mwanangu. Nikisikia ugomvi tena, Jumamosi nakuja kuchukua funguo. Ya duka na ya chumba."

Jioni Nabangala alimwambia Khaemba. Khaemba alikuwa ananawa grisi mikononi.

"Mimi nagombana na magari siku nzima," alisema. "Uzuri wa gari, hairudishi maneno."

"Unacheka? Tutalala wapi?"

Khaemba aliacha kucheka. "Basi fanya vile mama amesema. Mpe huyo mzee kiti."

Alhamisi asubuhi Nabangala alitoa kiti chao cha chumbani. Alikipangusa. Alikiweka nje, mbele ya tundu, mahali pa kuonekana. Afande Odoch alipotokea, alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Karibu sana, afande! Keti! Tafadhali, keti kwanza!"

Odoch alikitazama kile kiti kama mtu aliyeona nyoka.

"Nikae?"

"Ndiyo, afande. Pumzika."

"Nani amekuambia mimi nataka kukaa?"

"Hakuna. Mimi naona tu umesimama..."

"Nimesimama, ndiyo! Mimi ni askari! Nimekuomba kiti? Nimekuja hapa kununua kiti?"

"Lakini mzee, ni heshima tu!"

"Mzee ni baba yako! Jumamosi nitamwona Mama Sitti, na mimi mwenyewe nitamwambia!"

Akaenda. Barnabé akasema, "Ee, dada. Sasa hata kiti imekuwa matusi."

Nabangala alifunga tundu kwa kartoni. Alikaa juu ya kile kiti, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa amepiga kelele, haikufaa. Ametabasamu, haikufaa. Zilibaki siku mbili.

Jirani yao mmoja alikuwa Sista Ayaa, muuguzi wa kituo cha afya. Siku hiyo hakuwa kwenye zamu. Aliona kartoni kwenye tundu, akapitia mlango wa pembeni.

"Bambi, pole, kuna nini?"

Nabangala alimweleza yote. Aliongea haraka, kama mtu anayetapika. Sista Ayaa hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Ulimuuliza kwa sauti gani?"

"Ya kawaida."

"Haya. Ondoa kartoni. Uza kama kawaida. Mimi naenda kula chapati."

Sista Ayaa alikaa kwa Barnabé nusu saa. Wateja watano walikuja. Wakaulizwa, wakajibu, wakaenda. Kisha Sista akamwita Nabangala nje.

"Barnabé," alisema, "watu wa leo wanaumwa nini?"

Barnabé hakufikiri hata kidogo. Alihesabu huku anapindua chapati. "Dada wa saluni, kuwashwa. Huko chini. Fundi cherehani, mtoto yake anakojoa kitandani, na mtoto ni mkubwa. Mzee wa koti, usingizi. Yule kijana, sijui kama niseme..."

"Inatosha!" Nabangala alishika kichwa. "Barnabé, unajua hayo yote?"

"Dada, mimi siulizi. Wewe ndiyo unauliza. Mimi niko hapa tu na masikio yangu."

Hapo Nabangala aliona. Kila siku alikuwa anatangaza magonjwa ya Kyebando kama redio.

Waliingia ndani. Sista Ayaa alizungumza polepole.

"Mtu akija dukani amekasirika, mara nyingi kuna kitu chini ya hasira. Ana maumivu. Ama ana hofu. Ama ana aibu. Wewe umejibu hasira yake. Kile cha chini hujakigusa."

"Lakini Sista, lazima niulize. Siwezi kuuza dawa kama kipofu."

"Uliza! Kuuliza ni sawa. Na kumnyima ile dawa ulifanya vizuri kabisa. Usiwahi kuuza dawa isiyofaa ili tu mtu akuondokee. Shida ni mahali. Huo mlango wa pembeni unafanya kazi gani?"

"Hakuna. Tunapitisha makopo ya maji."

"Basi sasa utapitisha watu. Mteja akiwa mgumu, usishindane naye kwenye tundu. Mwambie, njoo huku kando. Shusha sauti. Ukishusha yako, na yeye atashusha, maana mtu haoni raha kupiga kelele peke yake. Muache amalize kusema, hata kama anazunguka. Kisha mwambie lile huwezi na sababu yake. Na lile unaweza, mwambie pia. Usimwachie 'hapana' peke yake."

"Na akitaka kunipiga?"

"Hapo usitoke! Mlevi, mtu wa fujo, baki ndani ya nondo na uite watu. Mimi nakuambia juu ya wale wenye aibu. Ndio wengi."

"Na afande? Kwa nini alikasirikia kiti?"

Sista Ayaa aliinuka. "Hilo muulize yeye. Polepole."

Alhamisi hiyohiyo Nabangala alitundika kitenge cha zamani nyuma ya mlango wa pembeni. Yule mama wa "amefika hapa" aliporudi, akapitishwa huko. Ilionekana alikuwa na haraka kwa sababu mtoto ameachwa peke yake, na aliona haya kusema. Nabangala alimwambia amlete mtoto apimwe uzito, na yeye angewasubiri. Dakika kumi baadaye walikuwa pale wote wawili. Hakuna aliyepiga kelele. Nabangala mwenyewe alishangaa.

Ijumaa jioni, Afande Odoch alikuja tena. Alitembea pole zaidi ya juzi. Hakutazama watu.

"Rangi mbili," alisema mbele ya tundu. "Na usianze."

Neno kali lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Nabangala. Alilimeza. Akafungua mlango wa pembeni, akatoka, akamsogelea.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Juzi nilikuuliza mbele ya watu. Nilikosa. Njoo huku ndani, uniambie mimi peke yangu. Hutakaa. Tutasimama wote."

Odoch alimtazama Barnabé. Barnabé akageuza uso haraka, akawa anatazama unga. Odoch akaingia nyuma ya kitenge.

Kwanza alisema juu ya joto. Kisha juu ya wakubwa wake kazini. Nabangala alingoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Mwisho afande akasema, akitazama dari:

"Nikienda choo, kuna damu. Kuna kitu kimetoka huko. Kukaa siwezi. Miezi miwili sasa."

"Pole sana, afande. Choo ni kigumu?"

"Kama jiwe."

"Maji unakunywa?"

"Nitakunywaje? Nikinywa maji, nitaacha geti kwenda kukojoa? Mkubwa atanifukuza. Nakula ugali wa posho na maharage, basi. Mwenzangu mmoja aliniambia ile ya rangi mbili inakausha."

"Haikaushi, afande. Hiyo ni ya kuua wadudu wa magonjwa, na daktari ndiye anasema inywewe kwa siku ngapi. Mbili mbili ni kujiharibia tu. Inawezekana hii ni bawasiri. Watu wengi wanayo, wanaume na wanawake, na wote wananyamaza kama wewe."

"Wengi?"

"Wengi sana. Kunywa maji, hata kidogo kidogo. Kula mboga ya dodo, ule mchicha, kula papai. Chooni usijikaze na usikae muda mrefu. Jioni kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi, dakika kumi. Lakini damu lazima iangaliwe, afande. Damu inaweza kutoka kwa sababu nyingine pia. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya."

"Kwa wale wauguzi wanawake? Hapana!"

"Kuna daktari mwanaume. Nitakuandikia jina lake. Utampa hiki kikaratasi, hutahitaji kueleza mlangoni."

Odoch alikunja kikaratasi. Akakitia mfukoni. Kisha, kama vile hakuna lililosemwa, akasema:

"Basi nipe tu zile mbili, niende."

Nabangala alitaka kujigonga kichwa ukutani.

"Hapana, afande," alisema, sauti ileile ya chini. "Hizo sitauza. Daktari akiandika, njoo na cheti, nitakupa dozi nzima."

"Wewe ni mgumu."

"Ndiyo, afande."

Akaenda. Hakusema asante. Hakusema pia juu ya Jumamosi, na Nabangala hakulala vizuri.

Jumamosi saa kumi Mama Sitti alifika. Alisimama katikati ya duka na mkoba wake.

"Odoch amekuja kwangu leo," alisema. "Ametoka kituo cha afya."

Nabangala alitoa funguo mfukoni, zote mbili, akaziweka kaunta.

"Nimemuuliza, huyo Mkenya amekufanya nini tena? Amekataa kusema. Amesema tu, yule usimtoe pale. Basi." Mama Sitti alisukuma funguo kidogo kwa kidole, lakini hakuzichukua. "Sasa niambie wewe. Anaumwa nini?"

"Mama, hiyo siwezi kusema."

"Huwezi? Mimi ndiye mwenye duka!"

"Najua, mama."

"Na chumba unacholala ni changu!"

"Ni chako, mama. Lakini ugonjwa ni wa yule aliyeuleta. Hata Khaemba sijamwambia."

Nje pikipiki zilinguruma. Nabangala alishika ukingo wa kaunta, akangoja aambiwe afunge mizigo.

Mama Sitti aliweka mkoba chini. Alitazama tundu, akautazama mgongo wa Barnabé, akatazama kitenge. Kisha akashusha sauti mpaka ikawa ndogo kuliko yake ya kawaida.

"Fungua huo mlango wako wa pembeni," alisema. "Na mimi nina kitu cha kukuuliza. Ni mwaka wa pili sasa sijamwambia mtu."