Nafasi Imeshajazwa

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi nje ya masjala ya mahakama, mahali ambapo hata mpole husahau adabu. Kijana wa watu, wakili, alikuwa ndani ya suti ya kijivu iliyonyooshwa ikanyooka, na wasifu wake ukamponyoka mkononi. Binti mwenye gauni la kijani aliuokota, akausoma bila kuombwa.

"Kurasa saba, kaka? Huu wasifu au hukumu?"

Kazi ya binti huyo ilikuwa kuwatafutia mawakili ajira katika kampuni za sheria. Wakili naye alikuwa amekaa miezi minne bila kazi tangu kampuni yao ifungwe. Basi binti akaupunguza wasifu hadi kurasa mbili, akamfundisha kujibu maswali ya usaili bila kuanza na "Mheshimiwa jaji." Wakili akamwita Bosi. Simu za kazi zikaanza kurefuka, kazi yenyewe ikitajwa mwishoni. Kanuni ya ofisi ilikataza mapenzi na waombaji, lakini moyo wa Bosi haukusaini kanuni hiyo. Alimpenda.

Alhamisi moja kampuni waliyoitegemea ikampigia Bosi simu kusema kwamba imempata mtu mwingine. Akiwa bado anatafuta namna ya kumweleza wakili, ujumbe ukaingia: "Bosi, nimeogopa kuuliza siku nyingi. Bado kuna nafasi, au nimechelewa?"

Akajibu palepale: "Pole sana. Nafasi imeshajazwa. Amepatikana mwenye uzoefu zaidi."

Tangu hapo, kimya. Siku kumi Bosi alimpigia wakili simu bila kupokelewa, na sasa kampuni nyingine ilimtaka wakili kwenye usaili kesho saa nne. Wakimkosa wanachukua mwingine. Bosi akampigia dada mkubwa wa wakili, ambaye namba yake ilikuwa kwenye fomu.

"Nilishajiandaa kukuita wifi," dada alisema. "Kumbe una mtu, tena mwenye uzoefu. Si ungemkataa mdogo wangu kwa heshima?"

Bosi akaufungua ule ujumbe, akausoma upya. Uso ukamwaka. Alicheka, akalia kidogo, kisha akamsihi dada amfikishe mdogo wake usailini, hata kwa kumburuta.

Kesho yake wakili alifika tai ikiwa imepinda. Bosi akamnyooshea mlangoni.

"Iliyojazwa ni ya kampuni," akasema. "Ile nyingine sikuitangaza kokote. Nimekuwekea wewe tangu foleni ya fotokopi."

"Na uzoefu?"

"Hauhitajiki. Nenda, wanakungoja."

Saa sita wakili akateremka ngazi mbilimbili, barua ya kazi mkononi.

"Wamenichukua," alisema akihema. "Sasa ile yako, Bosi. Mimi naomba ya kudumu. Ya muda siitaki."

Bosi alimtazama mpaka wakili akaanza kuogopa tena.

"Nimekubali," akasema. "Ila maombi uyaandike, na yasizidi kurasa mbili."