Aliyeokota Vidole vya Pazi

Mwaisha alianza kuingiwa na hofu siku mumewe alipoacha kulalamika.

Mashine ya kukata bati ilikuwa imemkata Pazi vidole vinne vya mkono wa kulia, kwenye karakana ya mageti alikofanya kazi, mjini Morogoro. Kinga ya mashine ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende haraka. Hospitali walimshona, wakamfunga kigutu, wakamrudisha nyumbani Bigwa na vidonge. Lakini kidonda hakikumtesa sana. Vilimuuma vile vidole ambavyo havikuwepo, kana kwamba mtu anavipinda kimoja kimoja, na mchana kutwa alikuwa akiugulia.

Jumatatu moja, baada ya adhuhuri, akanyamaza ghafla. Mwaisha, aliyekuwa uani akichambua mchicha, akachungulia dirishani. Pazi alikuwa amekaa kitandani, kigutu kakinyoosha hewani, anatabasamu. Chumba kilinukia asumini, na nyuma ya asumini, chuma cha moto.

"Unamchekea nani, baba?"

"Nimchekee nani? Si niko peke yangu."

Tabasamu lile Mwaisha alilijua. Ndilo lililomwoa. Akapekua simu ya mumewe, akakuta jumbe za mafundi wenzake tu. Akanusa mashati. Wivu ukamkaba vibaya, maana hakuwa na mtu wa kwenda kugombana naye. Na yeye Mwaisha mwenyewe, tangu hospitali, hakuwa amekigusa kigutu kile. Alimwachia nesi wa zahanati akisafishe, na Pazi alikwisha kuona jinsi mkewe anavyogeuza uso.

Siku ya nne alimpelekea uji. Alipoketi ukingoni mwa kitanda akaona godoro limebonyea upande wa pili kwa umbo la mtu aliyekaa, nalo likainuka taratibu, na bangili zikasikika zikigongana, zikamzunguka kwa nyuma, zikasimama karibu na sikio lake, kisha sauti ya kike, ya upole kama ya mke mwenza aliyekwisha kuizoea nyumba, ikamnong'oneza: "Nyinyi mlivitupa. Mimi nimeviokota."

Bakuli likamponyoka.

Jioni ile ile alimfuata Kibwana, fundi aliyempeleka Pazi hospitali siku ya ajali.

"Shemeji, vile vidole ulivizika wapi?"

Kibwana akatazama huku na huku. "Nilivitupa mtoni," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya mkuyu. Ilikuwa saa saba mchana, shemeji. Hata bismillahi sikusema. Nilikuwa natetemeka."

Asubuhi Mwaisha na Pazi wakapanda mlimani, Kinole, kwa Shehe Hashimu, anayewasomea watu wenye majini. Shehe akasoma muda mrefu, jasho likimtiririka, kisha akamgeukia Pazi.

"Huyu amekupenda. Mimi nasoma, lakini talaka unaitoa wewe. Mwambie mara tatu kwamba humtaki."

"Sikutaki," Pazi akasema. Bati la paa likalia kwa kishindo.

"Sikutaki." Bangili zikalia, safari hii kwa hasira.

Ya tatu ikakwama. Machozi yakamtoka.

"Akinishika haviumi, Mwaisha. Wewe hata kukitazama huwezi."

Mwaisha akasogea. Akafungua kitambaa mwenyewe, akakiona kigutu, chekundu, chenye makovu ya nyuzi, akakifumbata kwa viganja vyote viwili, na kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na humo ndani ya viganja vyake akahisi vidole vya mtu mwingine, vyembamba, vimeng'ang'ania, havitaki kubanduka.

"Toka," akasema, meno yamekazana. "Huyu ni wangu."

"Sikutaki!" Pazi akapiga kelele, na maumivu yakamrudia yote kwa mpigo, akajipinda sakafuni akilia kama mtoto. Mwaisha hakumwachia. Alikuwa anacheka kwa furaha, na Shehe akainamisha macho asimwone.

Tangu siku hiyo ni yeye anayekikanda kigutu kila asubuhi kwa mafuta ya nazi. Kila mara humuuliza mumewe, "Vinauma?" Pazi akisema vinauma, moyo wa Mwaisha hutulia. Anajua ni aibu. Hajamwambia mtu.

Ijumaa iliyopita, wakiwa barazani, alimuuliza tena.

"Hapana," Pazi akajibu, macho yake yakiwa yametua juu ya bega la mkewe. Alikuwa anatabasamu. "Leo haviumi kabisa."