Uyoga wa Siku Tatu

Mvua ya siku za kuzuru makaburi haikukatika. Ukungu ulishuka mlimani ukaingia jikoni kwetu bila hodi. Baba alikatakata tangawizi ndani ya mvuke, nusu yake haionekani.

Pembeni lilikuwa bakuli la uyoga mweusi. Mama, marehemu, aliupenda mno. Baba aliuroweka juzi ili tumpelekee kaburini, mvua ikatuzuia. Sasa ilikuwa siku ya tatu, uyoga umo majini bado, unateleza.

"Baba! Unataka kutuua?" nikafoka mbele ya wajomba zangu, waliokuja kuzuru kaburi.

Wajomba wakacheka. Baba akawa mwekundu. "Suzhen, mtoto wa juzi utanifundisha kupika? Uyoga utaliwa leo hii!"

Nikakimbilia kwa jirani, Shangazi Qiu, muuguzi wa zahanati, nikamweleza yote.

"Hofu yako ni ya kweli," alisema. "Uyoga ukikaa majini siku nyingi huweza kuwa na sumu. Hainuki, wala kuchemsha hakuiondoi. Kwa kawaida kuuroweka saa mbili tu kunatosha."

"Basi naumwaga!"

"Usiache ufike mezani. Lakini umemwumbua baba yako mbele ya shemeji zake, loo! Wahenga wetu walisema kumnyamazia mzazi anayekosea si heshima. Ila mwambie faragha, kwa upole. Akikataa, usimchukie. Mwombe tena."

Nikarudi. Nikammiminia baba chai, nikampa kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe mdomo wangu."

Akapokea kikombe bila kunitazama.

"Uyoga huu una hatari. Mama ameshaondoka. Nikikupoteza na wewe, nitabaki na nani?"

"Mama yako aliupenda."

"Najua, baba. Turoweke mwingine. Saa mbili tu."

"Hapana."

Moyo ulichemka, ulimi nikauzuia. Nikajaza chai tena. Nikamwomba tena, machozi yakinitoka.

Baba akaweka kikombe chini. Kisha akabeba bakuli mwenyewe, akapotea ukunguni. Nikasikia maji yakimwagika.

Adhuhuri wajomba wakalalamikia njaa.

"Subirini!" baba akawakemea. "Hamjui uyoga wa siku tatu ni sumu? Wa kwangu nauroweka saa mbili tu!"

Nikainamia kikombe nisicheke.

Kesho yake mvua ikakatika. Kaburini baba aliweka sahani ya uyoga mpya, ukifuka moshi mwembamba. Akadhani simsikii.

"Mke wangu," alinong'ona, "pumzika. Yupo wa kunikataza."