Shimo la Divai

Ninyi mnaoishi kwenye miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, sikilizeni yaliyomfika Maman Emérence.

Miaka ile ya vita, nyumbani kwake kulikuwa na utulivu. Jioni yeye, mumewe Évariste na binti yao Charlène walikamua matunda ya marakuja, wakatengeneza divai kidogo ya kuuza kwenye harusi. Uani, katika kibanda kidogo, walimhifadhi Maman Bintu na wanawe, waliokimbia mapigano ya Bunyakiri. Mji ulikuwa unafurika; vibanda vilizidi kupanda mlimani.

Basi mfanyabiashara mmoja aliyetoka safari akamwonjesha Évariste divai ya Uchina. Akamsimulia kwamba kule, miji midogo isiyojulikana ilikuwa inakua haraka kwa mizabibu yake. Tangu hapo Évariste hakutulia. Kwa nini si Bukavu? Lakini divai inataka ubaridi, na ubaridi aliuona ndani ya mlima. Akakata mikaratusi iliyoshika udongo, akachimba shimo la kuwekea mitungi, moja kwa moja chini ya kibanda cha Maman Bintu.

Mvua zikaanza. Emérence aliona ufa kwenye ukuta wa kibanda, mwembamba kama uzi. Siku chache baadaye kidole kilipenya. Kila mvua ilipogonga bati, alitoka kuutazama. Alimweleza mumewe, akaambiwa wanawake huogopa kila kitu. Akamwambia tena:

“Papa Charlène, batoto ba Maman Bintu beko nalala juu ya ile shimo.”

“Acha kwanza sikukuu ya Noël ipite, divai iuzwe,” akajibu bila kumtazama. “Kisha tutajenga mur, ukuta wa mawe.”

Alasiri moja mvua ilizidi, na Emérence hakuomba tena ruhusa. Aliwaingiza Maman Bintu na wanawe sebuleni. Évariste alikasirika, akashuka shimoni kuokoa mitungi yake. Mlima ukamshukia. Kibanda kikaenda chote.

Maman Bintu ndiye aliyeanza kufukua kwa mikono, Emérence kando yake, kisha majirani. Walimtoa akiwa hai, mguu umesagika. Alipowaona wale watoto wamesimama mlangoni, wazima, alifunika uso kwa mikono yenye matope. Mguu ule ulikatwa.

Funzo

Ndugu zangu, kutamani maendeleo si kosa. Évariste alikosea kuyachimba chini ya watoto waliolala, na kumpuuza aliyemwonya. Mji wetu unakua kila siku, na sasa mlima mmoja unabeba watu wengi. Msikate miti inayoushika. Mkiona hatari, msingoje sikukuu ipite. Hamisheni watu kwanza.