Dobi Aenda Kwenye Kikao cha Ada

Mama mmoja dobi alikuwa akipiga pasi shati la mteja, redio ikisema pembeni, aliposikia habari za kupanda kwa ada za vyuo vikuu. Nusura aunguze shati la watu.

Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ufamasia. Nyumbani walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukupoa. Lakini siku ile aliingia kimya, akavua viatu, akaanza kukunja mashuka.

"Umesikia?" mama yake aliuliza.

"Nimesikia. Mama, mimi naacha chuo. Nitakusaidia hapa, tumsomeshe mdogo wangu."

"Uache? Usinichekeshe. Wewe hata kola huwezi kuinyoosha!"

Kasuku alicheka, kisha machozi yakamtoka. Mama yake naye alijikaza.

Mchana jirani yao alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa karani wa bunge. Dobi akamweleza yote.

"Shoga, subiri kwanza," karani alisema. "Redio ilisema ada zimepanda, au serikali inapendekeza zipande?"

Dobi akafikiri. "Inapendekeza. Si yale yale?"

"Hata kidogo. Pendekezo bado halijapitishwa. Kamati ya bunge itasikiliza wananchi kwanza. Kikao ni Alhamisi, ukumbi wa manispaa. Mlango uko wazi kwa kila mtu."

"Hata mimi? Nikaseme nini mbele ya wakubwa?"

"Sema unachokijua. Taja kazi yako. Eleza ada hii itaigusaje nyumba yako. Kisha omba jambo linalowezekana. Usitukane, usizunguke. Anayeogopa kusema anaweza kuandika maoni yake na kuyapeleka."

"Kusema siogopi. Nabishana na wateja kila siku!"

Alhamisi ukumbi ulifurika. Mwenyekiti akamwita dobi. Akamtazama binti yake aliyekaa kando yake, akasimama wima.

"Waheshimiwa, mimi ni dobi. Sijaja kuomba bure. Najua chuo kina gharama. Lakini mwanangu alipoanza, tulijipanga kwa ada ile. Mkiibadilisha katikati, ataishia njiani. Naomba walio chuoni wamalize kwa ada ya zamani. Wanaokuja waambiwe mapema. Na sote turuhusiwe kulipa kidogo kidogo."

Mjumbe mmoja akauliza, "Mama, tukikuruhusu hivyo, utamaliza kulipa kweli?"

"Mheshimiwa, maadamu watu wanachafua nguo, nitalipa. Na sijaona dalili kwamba wataacha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mjumbe mwenyewe akiwemo. Kasuku naye akanyanyua mkono. Aliwasemea wenzake wa darasani, akasema hadi mwenyekiti akamwomba apumzike.

Baada ya wiki kadhaa uamuzi ulitoka. Ada zilipanda, lakini si kwa kiasi kilichopendekezwa. Waliokuwa chuoni waliachwa na ada ya zamani, na kulipa kwa awamu kukaruhusiwa. Hawakupata kila kitu. Walipata cha kuwatosha. Muhula ulipofunguliwa, Kasuku alirudi darasani.

Habari zilienea mtaani. Wateja wakileta nguo, dobi aliwaeleza maoni yanatolewa wapi na vipi. Kikao kilichofuata kilihusu bei ya maji. Mtaa wao ulijaza safu mbili za mbele, na mikono ilinyanyuka mingi hata dobi akangoja zamu yake.